Sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu? Yanayosemwa na yalivyo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, steshenari za Kabwe na Mwanjelwa hapa Mbeya hujaa vijana wa kujaza maombi. Iringa pia ni hivyohivyo, pale Miyomboni. Kijana anataka "mambo ya kompyuta", mzazi anataka kozi yenye ajira, na anayeombwa ushauri ni yule anayebonyeza kibodi, ambaye foleni nyuma ya mteja wake imefika mlangoni. Hapo ndipo kauli hizi zinaposambazwa, nyingine zikiwa na nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayoponza.

"Ukitaka kutengeneza mifumo soma uhandisi wa programu, sayansi ya kompyuta ni nadharia tupu"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Fungua orodha ya masomo ya kozi zote mbili, uweke mwaka wa kwanza na wa pili ubavu kwa ubavu. Utakuta kuandika programu, miundo ya data, kanzidata, mitandao, mifumo endeshi na hesabu za mantiki na seti. Kwa sehemu kubwa ni yaleyale, na mahali pengine hata mhadhara ni mmoja. Njia zinaachana baadaye. Sayansi ya kompyuta inaelekea kwenye uchambuzi wa algorithimu (yaani hatua za kutatua tatizo), nadharia ya ukokotoaji, kompaila (programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine) na akili unde. Uhandisi wa programu unaelekea kwenye kukusanya mahitaji ya mtumiaji, usanifu wa mfumo, upimaji, ubora, matengenezo na usimamizi wa mradi.

Chukua mfano wa karibu. Kyela wanalima kakao na kuiuza kwa minada ya stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika. Tuseme umepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokea kakao. Mkulima anafika na gunia, karani anapima, uzito unaingia kwenye kompyuta, risiti inatoka, na msimu ukiisha mkulima analipwa kwa jumla ya kilo zake.

Swali la kwanza: uzito utautunzaje? Kompyuta inahesabu kwa mfumo wa jozi, yaani kwa 0 na 1 tu, na humo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Jaribu mwenyewe kwenye lugha ya programu kama Python au JavaScript kujumlisha 0.1 na 0.2, utaletewa 0.30000000000000004. Kwenye gunia moja si kitu. Kwenye maelfu ya mizani, jumla ya mfumo na jumla ya daftari la karani zinaweza kupishana, na hapo mkulima hatakuuliza habari za jozi, atakuuliza kilo zake ziko wapi. Dawa yake ni kutunza gramu kama namba nzima, na fedha vilevile. Anayejua sababu amekaa vizuri na sayansi ya kompyuta.

Swali la pili halina hesabu ndani yake. Nani anaruhusiwa kubadilisha uzito ukishaingizwa, na akibadilisha, nani ataona kwamba kabadilisha? Umeme ukikatika uzito umeshahifadhiwa lakini risiti haijatoka, karani akipima tena, gunia litahesabiwa mara mbili? Intaneti ikipotea siku nzima, kazi inasimama? Karani huyu akiondoka, mwingine ataweza kuendelea bila kukupigia simu? Nani atakaa na wakulima kabla ya msimu kuujaribu mfumo kwa magunia ya kweli? Hayo ndiyo maisha ya uhandisi wa programu, na ndiyo yanayoangusha mifumo mingi ninayoiona ikiachwa baada ya uzinduzi wenye kanga na vipaza sauti.

Mfumo huo mmoja unadai majibu ya maswali yote mawili. Kwa hiyo mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta anatengeneza mifumo kila siku, na mwenye uhandisi wa programu asiyejua algorithimu atakwama mapema.

Uhandisi wa programu wenyewe ulizaliwa kutokana na matatizo. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO, kwa sababu programu kubwa zilikuwa zinachelewa, zinapita bajeti na zinaharibika. Jina la uhandisi wa programu lilipata umaarufu hapo. Na matatizo hayajaisha. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilitoka kwa Ariane 4. Ilijaribu kuibana namba ya biti 64 ndani ya nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767, na namba ikawa kubwa mno. Kwa roketi ya zamani hesabu hiyo haikuwa na shida. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mwingine, na programu ile haikupimwa kwa safari ya roketi mpya.

"Uhandisi wa kompyuta, uhandisi wa programu, si ni mlemle?"

Si mlemle. Kosa hili linatugusa sisi wa nyanda za juu kusini kwa sababu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, pale Iyunga, kina uhandisi wa kompyuta, na vijana wanaujaza wakidhani watashinda wanatengeneza programu za simu. Uhandisi wa kompyuta una umeme ndani yake: saketi, vichakataji vidogo, vifaa vinavyobeba programu ndani yake, pamoja na programu zenyewe. Ni kozi nzuri sana kwa anayependa kushika waya. Asiyependa atajuta akifika maabara. Ukitaka kuona tofauti chini ya paa moja, angalia Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kina sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu na uhandisi wa kompyuta kama kozi tatu tofauti.

"Ukimaliza unaitwa Injinia"

Nyumbani watakuita, na mjomba atakutambulisha hivyo harusini. Kisheria ni habari nyingine. Hapa Tanzania wahandisi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usajili unategemea bodi kuitambua shahada yako na wewe kupitia kazi chini ya usimamizi. Jina la kozi peke yake halikupi hilo. Kama usajili ndiyo ndoto, waulize bodi wenyewe kuhusu kozi hiyo ya chuo hicho kabla hujabonyeza kuthibitisha. Kampuni za programu zenyewe kwa kawaida haziulizi muhuri huo.

"Hesabu imenishinda, kwa hiyo naenda uhandisi wa programu"

Sharti la chini la kawaida ni pointi 4.0 kutoka masomo mawili, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hapo kila kozi ina sharti lake la hesabu. Zipo zinazokubali BAM, ile hesabu nyepesi ya kidato cha tano na sita. Yote yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na mwongozo hubadilika, kwa hiyo usitumie wa kaka yako. Tahasusi ya CBG (kemia, baiolojia, jiografia) isikukatishe tamaa wala PCM (fizikia, kemia, hesabu) isikupe kiburi kabla hujausoma. Ila ukishaingia, hesabu ipo kote kuwili. Sayansi ya kompyuta itakudai zaidi kuthibitisha kwa nini jambo ni kweli. Wengi walioteswa na kalkulasi hugundua kwamba mantiki na grafu zinawaingia vizuri tu, kwa hiyo alama ya D ya kidato cha sita haisemi kila kitu.

"Serikalini wanachukua sayansi ya kompyuta tu"

Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome tangazo lolote la Afisa TEHAMA. Kwa kawaida utakuta fani kadhaa zimepangwa, kisha "au fani nyingine inayolingana na hizo". Kwenye kampuni binafsi wanataka uwaonyeshe ulichotengeneza, na hapo projekti ya mwaka wa mwisho inazungumza kuliko cheti. Bahati mbaya wapo wanaoinunua projekti hiyo. Kwenye usaili wanaulizwa swali moja la kwa nini, basi.

"Akili unde itaandika programu zote"

Inaandika nyingi tayari. Mtu wa kujua kama ilichoandika ni sahihi bado anatakiwa, na shahada zote mbili, zikifundishwa vizuri, zinamtoa huyo.

Ukiniuliza mimi: kijana anayejijua kwamba anapenda kukaa na watumiaji na kukamilisha kitu kikafanya kazi, aende uhandisi wa programu. Asiyejua bado, achukue sayansi ya kompyuta, kwa sababu kanuni za upimaji na usimamizi wa mradi hujifunzika kazini kirahisi kuliko nadharia ya algorithimu. Muda nao ni fedha: kozi nyingi za sayansi ya kompyuta nchini ni za miaka mitatu, za uhandisi kwa kawaida minne, na mwaka mmoja wa ziada ni ada, kodi ya chumba na deni la Bodi ya Mikopo. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, halitoshi hata kwa miaka mitatu.

Kabla ya kwenda steshenari, pakua orodha ya masomo ya kila chuo na usome mwaka wa tatu tu. Angalia kama kuna somo zima la kupima programu, kama kuna fildi (mafunzo kazini) kila mwaka, na kama masomo ya hiari ni ya kweli au ni jina moja limeandikwa mara tatu. Orodha mbili zikifanana, chagua kwa ada na mahali pa kulala. Kwa mtoto wa Iringa, Dodoma ni basi moja tu kupitia Mtera.