Je, wajua kwa nini video gemu zilikuja kuitwa za wavulana?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja tu la swali hili na nililitoa kwa kujiamini kabisa: wavulana wanapenda gemu, wasichana hawapendi, waliozitengeneza ni wanaume na wakatengeneza wanachokipenda, imeisha hiyo. Siyo kweli. Na sikukosea kidogo, nilikosea karibu kila kipande cha hilo jibu, ndo maana nataka tukipitie kimoja kimoja.

Tuanze na hiyo ya "waliotengeneza ni wanaume". Mwaka 1980 Roberta Williams alitoa gemu ya kompyuta iitwayo Mystery House, hadithi na mafumbo ni ya kwake, mume wake ndo aliandika programu. Dona Bailey alikuwa kampuni ya gemu ya Atari, akatengeneza gemu ya Centipede pamoja na Ed Logg. Halafu kuna Carol Shaw, huyu nampenda sana. Mwaka 1982 akiwa kampuni nyingine, Activision, alitoa River Raid, unarusha ndege juu ya mto mrefu ajabu, na kaseti yenyewe ina kilobaiti 4 tu, yaani picha moja ya simu yako inazizidi mara mamia. Mto ule usingeenea humo hata iweje. Sasa alichofanya, hakuuhifadhi mto, aliandika hesabu inayouchora mto kadiri unavyosonga mbele, na kwa sababu hesabu inaanza na namba ileile kila siku, kona ya mto unaikuta palepale ulipoiacha jana. Hiyo ni akili ya hali ya juu.

Na hiyo ya "wasichana hawapendi"? Toru Iwatani wa kampuni ya Namco kule Japani ameeleza kwenye mahojiano kwamba alipobuni Pac-Man, iliyotoka 1980, aliwalenga wanawake na wapenzi waliotoka pamoja, maana kumbi za mashine za gemu zilikuwa zimejaa wanaume na gemu za kulipua wavamizi kutoka angani. Akaijenga gemu juu ya kula badala ya kuua, hata mizimu akaifanya ya rangirangi na macho makubwa. Ikawa moja ya gemu maarufu kuliko zote duniani.

Sasa nini kilitokea? Kwa kifupi, mwaka 1983 soko la Marekani lilianguka, kutoka mauzo ya dola bilioni 3 hivi hadi kama dola milioni 100 kufikia 1985. Maduka hayakutaka hata kusikia neno video gemu. Kampuni ya Kijapani ya Nintendo ilipoingia huko 1985 ikauza konsoli yake, yaani mashine ya kuchezea gemu nyumbani, kama toi, ikaweka na kiroboti kabisa ili wenye maduka wasiogope. Na maduka ya toi yana upande wa wavulana na upande wa wasichana, lazima uchague shelfu. Konsoli zikaenda kwa wavulana.

Shelfu moja haiwezi kubadilisha dunia, utasema, na hata mimi nilisema hivyo mpaka nilipoelewa kinachofuata baada ya shelfu. Fikiria uwanja wa nyasi usio na njia. Mtu wa kwanza akikatiza upande wa kushoto, nyasi zinalala kidogo tu, wa pili anaona pamelala anapita hapohapo, baada ya mwezi kuna njia ya udongo mweupe na kila mgeni anaamini watu wa hapa kwa asili yao wanapenda kushoto. Ukihesabu, asilimia kubwa kweli wanapita kushoto, hesabu haidanganyi, ila umepima njia, hujapima miguu. Kwenye gemu ikawa hivyo hivyo: tangazo linaonyesha mvulana, mzazi anamnunulia mvulana, kampuni inawauliza wateja wake wanataka nini na wateja ndo haohao wavulana, gemu inayofuata inatengenezwa kwa majibu yao, wakikua ndo wanaoajiriwa kutengeneza nyingine. Hakuna aliyewafukuza wasichana mlangoni. Ndo maana wanafeministi hawakubali "soko linataka" liwe jibu la mwisho, kwa sababu hilo soko kuna watu walilipanga.

Ila tusiseme shelfu ndo sababu pekee. Kumbi zilijaa wanaume kabla ya 1983, Iwatani mwenyewe kasema. Na Carol Shaw amesimulia kwamba alipokuwa Atari, kabla ya Activision, bosi mkuu alifurahi kampuni imepata mbunifu wa kike, sasa ataweza kutengeneza gemu za kulinganisha rangi za vipodozi na kupamba nyumba. Yeye alikuwa anatengeneza gemu za mikakati. Kwa hiyo nyasi zilishaanza kulala, shelfu ikaja kumwaga lami.

Ukitaka kuona lami hiyo kwa karibu, angalia Metroid, gemu ya Nintendo ya 1986. Unacheza gemu nzima ukiwa shujaa ndani ya vazi la chuma, Samus, na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kinamtaja kwa neno la kiume (Kiswahili kingesema "yeye" tu na siri ingetunzwa bila uongo). Ukimaliza haraka anavua helmeti, kumbe ni mwanamke. Ukimaliza haraka zaidi anabaki na nguo ya kuogelea. Mwanamke huyohuyo ndiye shujaa na ndiye zawadi ya mchezaji, na kila nikiitazama picha ile ya mwisho nawaza ilimlenga nani.

Leo tafiti za Marekani zinaonyesha wanawake ni karibu nusu ya wachezaji, na hapo utasikia mtu anasema hao wanacheza vigemu vya simu, kidole kimoja tu, siyo gemu halisi. Pac-Man ilikuwa na kijiti kimoja, haina hata kitufe cha kufyatulia risasi.