Damu Chooni: Usijipe Jina la Bawasiri Kabla Hujapimwa

Mtu akiona damu chooni, mara nyingi hunyamaza kwanza, kisha hujitibu. Kunyamaza huko kunaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Baadaye anapitia kwa kemisti, anasema kwa sauti ya chini kwamba ana bawasiri, anauziwa dawa ya kupaka, na mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyemwangalia. Jina la ugonjwa amejipa mwenyewe.

Nafanya kazi katika kliniki ya upasuaji hapa Kisumu, na wagonjwa wa aina hii tunawapokea kila wiki. Bawasiri yenyewe si ugonjwa wa kutisha. Hutibika, tena mara nyingi bila kisu. Wanaotusumbua moyoni ni wale wanaofika wamechelewa kwa sababu ya haya, na wale waliotibu kwa muda mrefu bawasiri ambayo hawakuwa nayo.

Sote tuna vifundo laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Vinasaidia kuziba njia ili hewa na choo visitoke ovyo. Vifundo hivyo vikivimba, na nyuzi zinazovishikilia zikalegea, ndipo tunasema ni bawasiri. Vilivyo ndani havina hisia ya maumivu, kwa hiyo hutoa damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya choo au kubaki kwenye karatasi, na mwenyewe hasikii lolote. Vikizidi kulegea huteremka nje wakati wa kujikamua: mwanzoni hurudi vyenyewe, baadaye inabidi kuvirudisha kwa kidole, na mwishowe hukataa kurudi kabisa. Bawasiri ya nje imefunikwa na ngozi, na ngozi inahisi. Damu ikiganda humo, hutokea uvimbe mgumu wenye rangi ya zambarau, na mtu hawezi hata kukaa kitini.

Lakini damu chooni haina mlango mmoja. Kama unasikia maumivu makali ya kukata pale choo kinapopita, na yanaendelea hata saa nzima baadaye, huenda ni mpasuko wa ngozi, na matibabu yake ni tofauti. Damu yenye kamasi pamoja na kuhara na tumbo kusokota inaweza kuwa amiba au maambukizi mengine ya utumbo.

Kisha kuna kichocho, na sisi watu wa ziwani lazima tukizungumzie. Kichocho kinachojulikana sana hapa kandokando ya Ziwa Victoria ni kile cha utumbo. Vimelea hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na wakishakomaa huishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yao hupasua ukuta wa utumbo ili yatoke na choo, na hapo ndipo damu hutokea. Wavuvi, wachimba mchanga, wanaoosha magari ufukweni, akina mama wanaofua na kuchota maji ziwani, watoto wanaoogelea, hao wote wamo hatarini. Watafiti mjini Kisumu wamewafuatilia waosha magari wa ufukweni kwa miaka mingi kwa sababu ya ugonjwa huu. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vinavyomezwa, na hufanya kazi vizuri. Lakini kichocho kikiachwa miaka, mayai hukwama kwenye ini na kulitia makovu, mishipa ya tumbo hufura, na mtu huweza kutapika damu nyingi ghafla. Kijana wa ufukweni Dunga au Usenge anayepaka krimu ya bawasiri huku ana kichocho anapoteza muda ambao ini lake linauhitaji. Kipimo cha choo kingemweleza ukweli.

Na kuna saratani ya utumbo mpana. Nitaisema wazi kwa sababu ndiyo inayotuuma zaidi. Choo chako kikibadilika kwa wiki kadhaa, leo kigumu kesho laini, ukitoka chooni unahisi hujamaliza, damu ikiwa imechanganyika na choo chenyewe, ukikonda bila sababu, au ukiambiwa damu imepungua mwilini bila maelezo, usikubali neno bawasiri mpaka uchunguzwe vizuri. Umri wa miaka 45 kwenda juu, au kuwa na mzazi au ndugu aliyeugua saratani hiyo, huongeza uzito wa dalili hizi. Hata hivyo ujana si kinga. Na mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuiona bawasiri hakufuti hayo mengine.

Uchunguzi wenyewe

Najua kinachowakimbiza wengi ni chumba cha uchunguzi, kwa hiyo acha nieleze kinachofanyika humo. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamevutwa kuelekea kifuani, umefunikwa shuka. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako awepo, na hakuna atakayekushangaa. Daktari huangalia kwanza kwa macho, nje. Kisha huingiza kidole kimoja chenye glavu na jeli, polepole, na atakuomba usukume kidogo kana kwamba unaenda haja. Kidole hicho kinaweza kugusa uvimbe wa saratani ulio karibu, na ndiyo sababu hatukiruki.

Bawasiri ya ndani, kwa upande wake, ni laini sana, na kidole mara nyingi hakiihisi. Kwa hiyo huingizwa bomba fupi la kuangalizia, linaloitwa proktoskopu, kisha linatolewa taratibu huku daktari akimulika kuta. Utahisi msukumo, kama choo kinataka kutoka. Shughuli nzima ni ya dakika chache. Ukiwa na dalili za hatari nilizozitaja, utapangiwa pia kipimo cha kamera ya utumbo. Kama una maumivu makali ya mpasuko, sema mapema. Daktari mwenye busara hatalazimisha kidole siku hiyo.

Matibabu huanzia kwenye sahani

Ikithibitika kuwa ni bawasiri, wengi hupata nafuu kwa kubadilisha choo chao kiwe laini. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na ugali wa unga mweupe uliokobolewa, mkate mweupe na chipsi havifikishi huko. Huku kwetu hatuhitaji kununua kitu cha ajabu. Unga wa kusagiwa mtaani ukiwa na maganda yake, uliochanganywa mtama au wimbi, ni mwanzo mzuri. Mboga za kienyeji, yaani mrenda, kunde, saga, managu na mitoo, zichukue nusu ya sahani badala ya kuwa kifungu kidogo pembeni. Nyoyo (mahindi yaliyochemshwa na maharagwe), maharagwe na ndengu vina nyuzinyuzi nyingi. Asubuhi, kiazi kitamu au nduma badala ya mkate. Papai, mapera, embe, na chungwa liliwe na nyama zake, si juisi.

Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha. Na maji lazima yafuatane na chakula hicho, glasi nane au zaidi kwa joto la Kisumu, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukifanya choo kuwa kigumu zaidi.

Chooni, nenda pale mwili unapokuita. Tunawaona akina mama wanaouza katika soko la Kibuye wanaobana tangu alfajiri kwa sababu hakuna wa kumwachia kibanda, na waendesha bodaboda na madereva wa masafa wanaosubiri hadi wafike nyumbani. Choo kinachosubiri hunyonywa maji na kuwa kigumu, kisha jioni mtu anajikamua. Mwombe jirani akuangalizie biashara dakika tano, unajilinda mwenyewe. Choo cha kuchuchumaa hunyoosha njia na kinasaidia. Kwenye choo cha kukalia, weka kigoda kidogo chini ya miguu. Simu ibaki nje, kwa sababu kukaa au kuchuchumaa muda mrefu huvuta damu kwenye vifundo vile vile. Kama hakijatoka kwa dakika tano, inuka, urudi baadaye.

Maumivu na mwasho hupunguzwa kwa kukaa kwenye beseni pana lenye maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya haja. Maji matupu yanatosha. Usitie dawa ya kuua viini. Krimu na vidonge vya kuingiza hutuliza tu, haviondoi bawasiri, na zenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) zisizidi wiki moja maana hukondesha ngozi. Angalia pia dawa za maumivu unazomeza: tramadoli na kodeini hufunga choo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufanya hivyo pia, lakini mama asiviache. Amweleze muuguzi, atasaidiwa. Bawasiri za ujauzito mara nyingi hunywea wiki chache baada ya kujifungua, hivyo hatukimbilii kisu.

Jambo moja nawasihi: msiweke kitu chochote cha kuunguza au cha "kukausha" kwenye njia ya haja kubwa, na msikubali kuchomwa sindano na mtu asiye na kibali. Sehemu ile ikiungua hupona kwa kovu, na kovu huibana njia. Kufungua njia iliyobanwa ni kazi ngumu kuliko kutibu bawasiri iliyoanzisha yote.

Bawasiri ya ndani isiyosikia chakula na maji hufungwa kwa mpira mdogo kliniki. Kifundo hukosa damu na kudondoka ndani ya siku saba hadi kumi hivi, wakati ambapo damu kidogo inaweza kutoka. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini baada ya kufungwa, ukipata homa, maumivu yanayozidi au kushindwa kukojoa, rudi hospitali mara moja, usiku au mchana. Upasuaji wa kukata huachiwa bawasiri kubwa zinazokataa kurudi. Mbinu iliyoelezwa na madaktari wa upasuaji Milligan na Morgan mjini London mwaka 1937 bado inatumika, na maumivu yake ni ya kweli. Jipangie wiki mbili hadi nne za kupona. Uvimbe wa ghafla wa damu iliyoganda nje ni habari nyingine: ukifika ndani ya saa 72, mkato mdogo kwa ganzi unaweza kukupa nafuu haraka. Baada ya hapo maumivu huwa yameanza kupungua yenyewe.

Damu nyingi isiyokoma, kizunguzungu, au kifundo kilichokwama nje na kubadilika rangi si vya kusubiri kliniki. Hayo ni ya idara ya dharura.

Kwa wengine, anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Pale mapokezi hulazimiki kueleza mbele ya foleni. Sema tu unataka kumwona daktari kwa faragha. Ukishaingia, mwambie damu ilianza lini, ina rangi gani, hutoka kabla au baada ya choo, kama kuna maumivu, kama umekonda, na kama huingia ziwani. Kisha umwombe akuchunguze. Akikuandikia dawa bila kukuangalia, uliza kwa heshima kwa nini.