Nani aliyeutoa mchaichai kafeini?

Juzi tena. Mama mmoja kasimama mbele ya meza yangu ya kuonjea, kainusa rooibos, kaniuliza: "Mwanangu, hii ndiyo ile chai nyekundu waliyoitoa kafeini?"

Miaka kumi na minane nachanganya chai hapa Mombasa, na swali hilo nimelijibu mpaka limeniota sugu ulimini. Nikamuuliza: "Mama, mchaichai nyumbani unauchemsha?" Anauchemsha. "Nani aliyeutoa kafeini?" Akacheka, nikadhani tumeelewana.

Kutoa kafeini ni kazi ya kiwanda. Jani la chai au buni huloweshwa, kafeini ikavutwa kwa kemikali au kwa hewa ya ukaa iliyoshindiliwa, na bado hubaki chembe. Rooibos haijapitia huko, maana si jani la chai. Ni kichaka cha jamii ya kunde, Aspalathus linearis, cha milima ya Cederberg kaskazini ya Cape Town. Kafeini haikuwamo tangu mbegu. Basi.

Linalonikera zaidi ni wekundu. Jina ni la Kiafrikana, maana yake kichaka chekundu, na watu wanadhani kinavunwa hivyo. Wengine wanaichanganya na rozela! Rozela unaionja uso unajikunja. Rooibos ina utamu wake wa chinichini. Kichaka chenyewe ni kijani, majani membamba kama sindano, maua ya njano. Vijiti hukatwa kwa mundu, vikafungwa matita, vikakatwakatwa vipande vya milimita chache, vikapondwa, vikanyunyiziwa maji na kurundikwa uani. Hapo rundo hutoka jasho, ndivyo wenyewe wasemavyo. Usiku kucha linajipasha moto, linageuzwa, na rangi inabadilika huku harufu ya asali ikipanda. Kisha huanikwa juani, tabaka jembamba.

Sisi wa chai tunaita kuchachusha, nami husema hivyo kwa mazoea, lakini hakuna hamira wala pombe humo. Ni vimeng'enya vya jani lenyewe vikikutana na hewa, kama tufaha ulilolikata ukalisahau sahanini. Jani la rooibos ukilikausha upesi, linabaki kijani, na hiyo nayo inauzwa, tena ghali. Kwangu mimi ni nyasi za moto. Wateja wa kijani wanaifuata aspalathini, kemikali iliyomo ndani ya jani hilo, na mimi siwazuii, ila mengi wanayonisimulia kuhusu dawa yake yametoka kwenye maabara na panya.

Sasa niseme jambo ambalo pakiti hazisemi. Karibu kila moja imeandikwa kwamba Wakhoi na Wasan, wenyeji wa kale wa huko, wamekunywa chai hii karne nyingi, na mimi pia nimewauzia watu maneno hayo. Maandishi ya zamani ni machache mno. Msweden Thunberg, mtaalamu wa mimea aliyepita huko mwaka 1772, ndiye anayetajwa sana kama shahidi. Lakini mmea alioandika kwamba watu wa huko hufanyia chai ni Borbonia cordata, binamu wa rooibos mwenye majani mapana. Kwa hiyo nina shaka na ule uhakika wa pakiti. Sina shaka na ujuzi wa wenyeji. Daktari Nortier wa Clanwilliam alipohangaika kutafuta mbegu za kupanda rooibos mnamo 1930, husimuliwa kwamba mwanamke mmoja Mkhoi alimletea nyingi kuliko wote: aliwafuata sisimizi waliobeba mbegu hadi kwenye ghala lao. Na tangu 2019 wasindikaji wa rooibos walikubali kulipa jamii hizo asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Imechelewa, tena kidogo.

Kuipika? Chai ya rangi ukiisahau jikoni inakuwa chungu kwa tanini. Rooibos tanini yake ni kidogo, iache ichemke dakika kumi na iliki na tangawizi, tia maziwa ukitaka. Anayechovya mfuko dakika mbili akasema haina ladha, simwonei huruma.

Yule mama nilimpimia robo kilo. Akafunga mkoba, akampigia bintiye simu hapohapo mezani kwangu: "Nimeipata, ile waliyoitoa kafeini."