Harambee ya lazima: katika SHA, nani anamlipia nani?

Mwisho wa Oktoba 2024, mshahara wa kwanza wenye makato mapya ulipoingia, binamu yangu aliweka picha ya hati yake ya mshahara kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Analipwa 200,000 kwa mwezi. Pale ambapo kwa miaka palikuwa na NHIF 1,700, ile bima ya zamani ya afya ya taifa hapa Kenya, sasa pamesomeka SHIF 5,500, mfuko mpya ulio chini ya mamlaka iitwayo SHA. Chini yake akaandika neno moja: "Wizi." Watu wakamwaga vikatuni vya kulia, na mmoja (kila ukoo una wake) akaweka jeneza.

Siku nne baadaye kundi lilelile likaletewa namba ya Paybill. Mjomba wetu alikuwa amepasuliwa nyonga na bili ilikuwa imepanda hadi mahali ambapo watoto wake peke yao wasingefika. Wa kwanza kuchanga alikuwa binamu yangu: 10,000. Hakulalamika hata kidogo. Akaandika, "Tujikaze jamani, ni mzee wetu."

Mimi kazi yangu ni kupiga hesabu za bima. Nakadiria mwakani watu wangapi wataugua, ugonjwa gani, kwa gharama gani, kisha natafuta kila mmoja achange ngapi ili mfuko usikauke. Nikiangalia jumbe zile mbili kwa jicho la kazi yangu, naona pesa ikitoka kwa mwenye nacho kwenda kwa mgonjwa, mara mbili ndani ya wiki moja, kutoka mfuko uleule wa binamu yangu. Tangu siku ile kila nikisikia mjadala wa kama serikali ichukue cha tajiri imtibie maskini, nawaza kwamba tunabishana juu ya jambo ambalo Wakenya tulishaliamua zamani, tena kwa hiari. Tusichokubaliana ni nani ashike daftari.

Kabla ya daftari, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza: bima yoyote ile humtoa mzima akamlipia mgonjwa. Hata kampuni binafsi inafanya hivyo. Ukilipa miaka kumi bila kulazwa, pesa yako ilimtibu mtu mwingine, na hakuna anayeita hilo ujamaa. La pili: bima ya umma humtoa pia mwenye kipato kikubwa akamlipia mwenye kidogo. Hili ndilo la siasa. Kampuni binafsi hailifanyi. Hukutoza kwa kadiri ya hatari yako, ndiyo maana mzee wa miaka 65 anaombwa bei ambayo kijana wa 25 angecheka. Binamu yangu anaposema "wizi" hana ugomvi na la kwanza. Ana ugomvi na la pili, ila anadhani limeanza Oktoba 2024.

Halikuanza hapo. Lilikuwepo, limegeuka kichwa chini.

NHIF, iliyoanzishwa 1966, katika miaka yake ya mwisho ilitoza kwa ngazi. Aliyelipwa 20,000 alikatwa 750. Aliyelipwa 100,000 alikatwa 1,700, na ngazi ziliishia hapo: wa 500,000 naye 1,700, bosi wa milioni mbili naye 1,700. Geuza hizo kuwa asilimia. Mlinzi wa 20,000 alikuwa akitoa 3.75 ya kila mia. Meneja wa 500,000 alitoa senti 34 ya kila mia. Kwa uzito wa mshahara, mlinzi alibeba mara kumi na moja ya meneja, na sikumbuki hata siku moja mtu akiweka jeneza kwa ajili yake.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, pamoja na kanuni zake za 2024, ziliondoa ngazi zikaweka kiwango kimoja: asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, kisishuke chini ya shilingi 300, bila kikomo cha juu. Mlinzi wa 20,000 sasa anakatwa 550, yaani amepunguziwa 200. Wa 30,000 alikuwa akitoa 900, sasa 825. Mizani inalingana karibu na mshahara wa 33,000. Kuanzia hapo kwenda juu unalipa zaidi ya zamani, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyouma. Wa 500,000 anakatwa 13,750. Yuko aliyeumia chini pia: aliyeandikishwa kwa mshahara wa chini ya 6,000 alilipa 150, sasa 300. Ni wachache, lakini wapo.

Kelele zilizojaa kwenye simu zetu zilikuwa za walio juu ya mstari wa 33,000. Hao ndio wenye muda wa kupiga picha hati zao. Mlinzi aliyepunguziwa 200 hakutuma kitu.

Sasa pesa yenyewe inakwenda wapi? Chukua mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. SHA hulipa shilingi 10,650 kila anapolala kwenye ile mashine. Mara 104 kwa mwaka, inafika 1,107,600. Mtu mmoja. Ukitaka kumtibu kwa michango ya kaya zinazolipa kiwango cha chini, 3,600 kwa mwaka, unahitaji kaya 308, na ziwe zimekubaliana mwaka mzima kutougua. Ukitaka kumtibu kwa michango ya watu wa mshahara wa 500,000, unahitaji saba.

Nimewahi kuichora hesabu hii ubaoni mbele ya mawakala wa bima na chumba kikanyamaza. Ndiyo sababu nzima ya kuondoa kikomo cha juu. Kuwahurumia maskini ni jambo jema, lakini mfuko wa michango midogo mitupu hauwezi kubeba figo, saratani na wodi ya mahututi, hata ukiongozwa na malaika.

Na harambee je? Harambee ni mfumo wa kugawana mali, tena wenye kodi kali. Hesabu mwenyewe umechanga ngapi mwaka huu: bili ya hospitali, mazishi, upasuaji wa mtoto wa mwenzako kazini. Tatizo lake ni kwamba hufuata orodha ya majina kwenye simu yako. Mjomba wetu ana wapwa wenye mishahara. Siku mbili tukafikisha bili. Mtu ambaye simu yake imejaa wabeba mizigo na waendesha boda hukusanya nauli. Harambee humpa zaidi aliye na jamaa wenye zaidi. Halafu haina pumzi. Ya kwanza watu hufurika, ya pili huja nusu, ya tatu unaona tiki mbili za buluu na kimya. Na figo inadai kila Jumanne na kila Ijumaa.

Kwa hiyo niko upande wa mchango wa lazima, nisijifiche. Lakini nikishasema hivyo, ninayo manung'uniko yangu, na si yale ya binamu yangu.

La kwanza ni la kodi, na halizungumzwi kwa sababu limejificha kwenye hesabu. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa SHIF hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kupigwa. Ni nafuu, na watu walishangilia. Ila nafuu hiyo huenda kwa anayelipa kodi. Mlinzi wa 20,000 halipi kodi ya mapato, kwa kuwa mshahara usiozidi 24,000 haufikiwi. Anatoa 550 zake nzima na harudishiwi hata kumi. Wa 500,000 yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, kwa hiyo katika zile 13,750 kodi yake inapungua kwa 4,125. Anabaki ametoa 9,625, ambayo ni kama asilimia 1.9 ya mshahara. Ile asilimia 2.75 sawa kwa wote, iliyoimbwa kila mahali, kwa kweli ni 2.75 kwa mlinzi na 1.9 kwa meneja. Tuliondoa kikomo mlangoni tukafungua dirisha. Kama lengo lilikuwa kupunguza uchungu, nafuu ya kiasi kimoja kwa kila mtu ingetosha.

La pili ni mwajiri. Tanzania, tangu NHIF yao ilipoanza 2001, mfanyakazi wa serikali anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3. Kwenye makato yetu ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu mwajiri hulipa 1.5 sawa na mfanyakazi. Kwenye afya, sifuri. Mjadala mzima umefanywa kuwa ugomvi wa mwenye mshahara na mwenye kibanda, na aliyewaajiri wenye mshahara akakaa pembeni akinywa kahawa. Wachumi wenzangu watasema mwisho wa yote mwajiri hukata sehemu yake kwenye mishahara ijayo. Huenda. Lakini basi waseme hivyo pia kwenye nyumba.

La tatu ndilo kubwa, na hapa nitakaa kidogo.

Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako nje ya mishahara rasmi: jua kali, boda, vibanda, mashamba. Hao hawana hati ya kukata. Kwa hiyo wanapimwa uwezo. Unajiandikisha kwa *147# au kwa msaidizi, unajibu maswali: ukuta wa nini, paa la nini, choo gani, maji yanatoka wapi, unapikia nini, kisha hesabu inakisia kipato chako na kukutajia mchango. Njia hii ina jina zuri katika vitabu vyetu na nimeitumia mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba inaona mabati, haioni deni la mabati. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na mumewe anaonekana tajiri. Kijana mpangaji wa chumba cha udongo mwenye boda tatu barabarani anaonekana fukara. Rwanda walikuwa na makundi ya Ubudehe, ambapo wanakijiji walikaa kikao wakaamua wenyewe nani yuko daraja gani. Pale pana majungu, bila shaka. Lakini jirani anajua boda ni za nani.

Halafu mchango wa kaya hizi hudaiwa wa mwaka mzima, mara moja. Mwaka 2025 ikaja Lipa SHA Pole Pole, ya kudunduliza au kukopa mpaka kiasi kitimie. Ni hatua, ila kumkopesha mtu ili alipe bima ni kukiri kwamba umemdai kwa namna asiyoishi. Matokeo yake ni ugonjwa wa kale wa fani yetu: anayejitahidi kulipa ni yule mwenye mimba au aliyeshaambiwa ana sukari, mzima anangoja. Mfuko unajaa wagonjwa upande mmoja, na upande wa pili wamebaki wa mishahara kwa sababu hawana pa kukimbilia. Hasira ya binamu yangu hapo ina msingi.

Thailand walikutana na ukuta huohuo. Mwaka 2002 waliacha kuwakimbiza wauza mitaani, wakawatibu kwa pesa ya kodi ya jumla, mgonjwa akitoa baht 30 tu mlangoni. Sisi tayari tumeingiza mguu mmoja humo: kwenye zahanati na vituo vya afya, ngazi ya pili na ya tatu, matibabu hulipwa na mfuko wa afya ya msingi unaotoka kwenye kodi, bila kuuliza umechanga. Mimi ningeingiza na mguu wa pili. Na asije mtu akaniambia mama mboga halipi kodi. Sabuni anayofulia ina VAT, muda wa maongezi una ushuru, na petroli ya boda inayomletea magunia ina VAT, iliyopandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023. Analipa kila siku. Hapewi risiti tu.

Nimeacha daftari mwisho kwa makusudi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha ile sheria ya 2023 na zilizoambatana nayo, sababu mojawapo wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo na Oktoba makato yakaanza. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikasema mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Ukiniuliza kwa nini mtu anayetoa 10,000 kwa mjomba bila kukunja uso anaita 5,500 wizi, sitakupeleka kwenye falsafa ya mali. Nitakupeleka kwenye kurasa hizo.

Juzi nilipita soko la Kongowea, Mombasa, kwa mama ninayenunua kwake mchicha. Nikamuuliza kama amelipa ya mwaka.

"Mwanangu, 3,600 kwa mpigo nitoe wapi?"

Nikamtania kwamba najua yumo kwenye upatu, na upatu wao ni mia kila siku. Hiyo ni elfu tatu kwa mwezi, mara kumi ya anachodaiwa na SHA. Akacheka, akafunga mchicha wangu kwa kamba.

"Upatu unanirudia," akasema. "Tena kijumbe wetu simtafuti kwa simu." Akanyoosha kidole upande wa pili wa njia, kwa mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya, daftari limechomekwa chini ya mzani. "Yule pale."