Kobe wa kwenye ngazi: siri za gemu za zamani zilitoka wapi

Wiki iliyopita kaka mmoja alikuja kwenye meza yangu Kariakoo na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Binti yake, wa miaka tisa hivi, alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha baba akafungua boksi. Ndani kulikuwa na mashine ya gemu ya kaseti, ile nyeupe yenye pedi mbili, plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kulikuwa na bunduki yake na kaseti tatu. Alivikuta juu ya kabati la marehemu mama yake, Magomeni. Hakuuliza bei, wala kama itapona. Aliuliza, "Fundi, ile siri ya kobe wa kwenye ngazi bado imo humu?"

Nikamwambia imo. Maandishi ya gemu yamechomwa ndani ya chipu ya kaseti, na chipu ikiwa nzima, hakuna kinachofutika. Lakini alipoondoka niliona nimemjibu kwa kifupi mno. Nimefungua mashine hizi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila ninavyozifungua ndivyo ninavyozidi kuona kwamba zile siri tulizokuwa tukinong'onezana vibandani zilikuwa alama za mikono ya mafundi walioziunda. Kila moja ina sababu yake, na sababu zenyewe ni tamu kuliko siri.

Wadogo zetu wanapaswa kujua kwanza tulizipataje. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Huku Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo, ndipo seti zikaanza kuingia majumbani, na kwa mtaa wetu gemu ziliingia nazo. Mashine nyingi tulizozijua hazikuwa za Nintendo wenyewe, kampuni ya Kijapani. Zilikuwa nakala za Family Computer, mashine yao iliyotoka Japani Julai 1983. Ukifungua nakala unakuta tone la gundi nyeusi, gumu kama kokoto, na chini yake chipu moja inayofanya kazi ambayo kwenye mashine halisi ilifanywa na chipu kadhaa. Tulilipia sarafu kibandani, tukakaa kwenye benchi watano watano, mmoja anacheza na wanne wanafundisha. Siri zilisafiri kwa mdomo. Kijana akirudi kutoka likizo Tanga au Moshi, swali la kwanza lilikuwa amekuja na nini kipya.

Sasa huyo kobe. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985, dunia ya tatu, hatua ya kwanza, karibu na mwisho kuna ngazi ya matofali na kobe wanashuka. Ukimkanyaga mmoja kwa kipimo sahihi, gamba linagonga kidaraja, linarudi chini ya mguu wako, unalikanyaga tena, linarudi tena. Kila ukikanyaga bila kugusa chini alama zinapanda, na ukishafika kileleni kila kanyagio moja ni laifu moja. Tulimwona aliyejua kufanya hivyo kama mganga.

Ila kulikuwa na msiba. Jamaa akikusanya laifu nyingi kupita kiasi, anakufa mara moja tu na gemu inakwisha pale pale. Tulisema mashine imekasirika, imekataa tamaa. Miaka mingi baadaye, nikisoma namna programu ile ilivyoandikwa, nikaona chanzo. Idadi ya laifu inatunzwa kwenye baiti moja, yaani kijisanduku kidogo cha kumbukumbu kinachobeba namba moja ndogo. Baiti moja, ikisomwa kwa namba chanya na hasi, upande wa chanya unaishia 127. Ukizidi hapo, mashine inahesabu upande wa hasi, na mtu mwenye laifu hasi, kwa mashine, ameshakufa. Hata zile alama za ajabu zilizotokea badala ya namba, taji na michoro isiyoeleweka, zilitokana na hilohilo: programu ilitarajia tarakimu moja, ikapewa namba kubwa, ikachora kipande chochote kilichofuata kwenye orodha ya michoro.

Hapa ndipo mtu anapaswa kuheshimu kazi ya watu wale. Gemu nzima ya Mario ina kilobaiti 40. Picha moja unayopiga kwa simu yako leo inaizidi mara mia. Mashine yenyewe ilikuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Kwa hiyo kila kitu kilifinywa. Tazama vizuri kichaka cha chini na wingu la juu: ni mchoro uleule, rangi tu ndiyo imebadilishwa. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona.

Ufinyu huohuo ndio uliozaa siri kubwa kuliko zote, dunia hasi. Mwisho wa hatua ya 1-2, yaani dunia ya kwanza, hatua ya pili, kuna chumba cha mabomba matatu ya kukurusha dunia za mbele. Ukiweza kupenya ukuta na kuingia chumbani kabla skrini haijasogea vya kutosha, mashine inakuwa bado haijaandika namba sahihi za mabomba. Inatumia zilizopo, za chumba kingine cha mbele chenye bomba moja tu la kweli. Yale mawili ya pembeni hayakuhitajika kule, kwa hiyo yalipewa namba 36, na namba 36 kwenye orodha ya michoro ni nafasi tupu. Ukiingia humo unapelekwa dunia ya 36, ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Skrini inaonyesha nafasi tupu, kistari, na 1, nasi tukasoma "kasoro moja". Ni hatua ya majini isiyo na mwisho: ukifika kwenye bomba la kutokea unarudishwa mwanzo. Hakuna aliyeipanga. Ni chumba kilichojitokeza kwa sababu fundi alibana nafasi, na kwangu bado ndicho kitu kizuri kuliko vyote ndani ya kaseti ile.

Fataki za kwenye ngome nazo tulizielewa vibaya. Kibanda chetu kiliapa kwamba zinatoka ukigusa ncha ya mlingoti wa bendera wa mwisho wa hatua. Kumbe ni saa. Tarakimu ya mwisho ya muda ikiwa 1, 3 au 6 unapogusa mlingoti, fataki zinalipuka idadi hiyohiyo. Na kuna siri moja ambayo ingetuokolea sarafu nyingi: gemu ikikwisha, ukishikilia kitufe cha A kisha ukabonyeza cha Start, unaanzia dunia uliyofia badala ya kurudi mwanzo kabisa. Inafanya kazi mradi mashine haijazimwa. Kwa Dar ya mgao wa umeme, sharti hilo lilikuwa zito.

Siri nyingine hazikutokana na hesabu. Mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa akihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya nyumbani. Ilibidi aijaribu mpaka mwisho, na gemu ilimshinda kwa ugumu. Akajiwekea njia ya fundi: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na anapata silaha zake zote. Kazi ilipokwisha hakuiondoa. Fikiria mwashi aliyemaliza ghorofa akaacha ngazi yake imeegemea ukutani. Wapita njia wakaiona, wakapanda. Konami waliiweka tena kwa makusudi kwenye gemu nyingine, na kwenye Contra ya 1988 ilikupa laifu 30 badala ya 3. Wengi wa Dar tulicheza Contra kwenye kaseti za gemu nyingi kwa pamoja, na baadhi zilikuwa na laifu 30 tayari kwenye orodha, kana kwamba ni gemu tofauti. Tuliikuta ngazi imeshasimikwa bila kujua kuna aliyeisahau. Hashimoto alifariki Februari 2020, na siku hiyo niliifungulia Contra hapa mezani, nikabonyeza kwa mkono wangu kuanzia juu-juu.

Inayonigusa zaidi ni ya kabla ya hapo, kwenye mashine ya Atari 2600 ambayo wengi wetu hatukuishika. Kampuni haikuruhusu majina ya watunzi kuonekana. Warren Robinett aliandika gemu ya Adventure peke yake, picha, sauti na yote, akajua hatatajwa popote. Akaficha nukta moja ya rangi ileile ya kijivu ya sakafu. Ukiiokota na kuipeleka mahali fulani, ukuta unapitika, na kwenye chumba cha nyuma yake kuna maandishi yanayosema gemu hii imeundwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, akaacha kazi, gemu ikauzwa. Aliyeibua ni mvulana wa miaka 15 wa Salt Lake City aliyeiandikia kampuni barua. Steve Wright, aliyekuwa msimamizi pale, akaona ni jambo jema la kuendelezwa, akalifananisha na mayai wanayofichiwa watoto wa Magharibi wakati wa Pasaka wayatafute. Ndiyo maana mpaka leo siri ya namna hii inaitwa yai la Pasaka. Wachimbaji wa historia ya gemu baadaye waligundua gemu za mapema zaidi zenye siri, moja ya 1977, lakini ya Robinett ndiyo iliyolipatia jambo hili jina.

Nimewahi kufungua redio ya mbao iliyotengenezwa upya na fundi wa zamani wa hapa mjini, nikakuta ndani ya kifuniko ameandika jina lake na tarehe kwa penseli. Aliandika mahali ambapo fundi mwingine tu ndiye angefika.

Kisha ikaja PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, na siri zikahamia kwenye mashine yenyewe. Vijana waliigeuza juu chini ili isome diski, watu wazima wakacheka. Hawakukosea: kwenye matoleo ya mwanzo lenzi ilipita kwenye reli ya plastiki iliyolika kwa joto na msuguano, ikainama, na kuigeuza kulirudisha lenzi karibu na kipimo chake. Na ule weusi wa chini ya diski halisi, ambao kila mtu aliamini ndio ulinzi dhidi ya kudurufu, ulikuwa pambo. Ulinzi wa kweli ulikuwa mtikisiko mdogo kwenye mstari wa mwanzo wa diski, wenye herufi nne za eneo la mauzo, ambao mashine za kawaida za kuchoma diski haziwezi kuuandika. Chipu tuliyokuwa tukipachika ili diski za kudurufu zisomwe ilikuwa inaitamkia mashine herufi hizo.

Diski za kuchoma zilitufungulia dunia, lakini zilitufungia mlango mmoja. Metal Gear Solid ya 1998 ina mahali unapoambiwa namba ya redio ya Meryl, mmoja wa wahusika, iko nyuma ya kasha la CD. Nilitafuta ndani ya gemu siku mbili. Nilikagua kila kitu mfukoni mwa mchezaji. Maana yake ilikuwa kasha halisi la plastiki, lile la dukani, na sisi diski yetu ilikuja ndani ya karatasi ya nailoni. Mwishowe tulikaa zamu, namba moja baada ya nyingine, mpaka 140.15 ikaita. Aliyeipata aliiandika ukutani kwa mkaa na haikufutwa hadi kibanda kilipobomolewa.

Madaftari ya chiti za GTA: San Andreas ya 2004 nitayaandikia makala yake, maana ninayo manne niliyopewa na wateja. Nitasema hili tu: lile jitu la msituni ambalo kila mtaa ulikuwa na mtu aliyeliona, halimo kwenye gemu hiyo. Kilichomo ni kibao juu kabisa ya nguzo ya daraja kubwa, kinachosema hapa hakuna mayai ya Pasaka, nenda zako.

Nirudi kwa mgeni wangu. Alipochomoa kaseti, kitu cha kwanza alichofanya ni kuipuliza. Naomba tuache. Kilichokuwa kinaamsha gemu ni kule kuitoa na kuirudisha, pini zikakaa upya. Pumzi inaongeza unyevu, na mji huu una chumvi ya bahari hewani tayari; nimeona pini zimeota kijani mpaka shaba ikaliwa. Tumia pamba na spiriti ya isopropili, taratibu, acha ikauke. Za kwake zilisafishika kwa robo saa.

Bunduki ilihitaji TV ya chogo, na ninayo moja ninayoitunza kwa ajili hiyo. Unapovuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha mraba mweupe unatokea pale alipo bata unayemlenga kwenye gemu. Jicho lililo ndani ya mtutu linasoma giza, kisha mwanga, kila kimoja wakati uleule kinapotarajiwa. Giza lipo ili usidanganye kwa kulenga taa. TV za flati zinachelewesha picha, jicho linakuta mraba haujafika. Ndiyo maana nawarudisha watu wengi na bunduki nzima isiyo na tatizo lolote.

Tukawasha Duck Hunt, mchezo wa bata mmoja. Baba akapiga bata watano mfululizo, uso wake umebadilika kabisa. Nikampa binti pedi ya kawaida, nikamnong'oneza abonyeze mishale. Bata wa sita akaanza kukata kona asizozijua baba. Akakosa. Akakosa tena. Akanigeukia: "Fundi, hii bunduki bado haijapona." Binti hakusema kitu. Alishikilia mshale wa kushoto, bata akambaa hadi pembeni mwa skrini, kisha akampandisha juu mpaka akatoweka.