Januari mtoto haamki: si taifodi, si uvivu

Kila Januari, wiki ile shule zinapofunguliwa, benchi la nje ya chumba changu cha kliniki hujaa sare mpya. Sketi bado ina mikunjo ya dukani, viatu vyeusi vinang'aa, na ndani ya sare hiyo amekaa mtoto anayesinzia. Mama anaingia, anavuta kiti, anasema maneno ninayoyajua kabla hajayamaliza: "Dokta, mtoto kalegea. Asubuhi haamki, chai hanywi, mwalimu anasema analala darasani. Naomba umpime malaria na taifodi, na kama inawezekana umwandikie vitamini."

Nampima joto, namtazama macho na viganja, nambonyeza tumbo. Nikiona mzima, nauliza swali moja: wiki ya mwisho ya likizo alikuwa anaamka saa ngapi?

Mama hucheka kwanza. "Aah, dokta, likizo si likizo tena. Saa nne, saa tano hivi."

Basi. Nimeshajua. Lakini kumshawishi mzazi kwamba nimeshajua, hapo ndipo kazi ilipo, maana yeye amekuja na dhana zake mkobani pamoja na kadi ya kliniki.

"Jumapili nilimlaza mapema, haikusaidia"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, nami nitakaa nayo kwa sababu nyingine nyingi zimezaliwa na hii.

Mambo huenda hivi. Desemba nzima mtoto yuko sebuleni na binamu zake, au yuko kwa bibi ambako hakuna anayemgombeza. Tamthilia inaisha saa nne, katuni zinafuata, wanalala saa sita. Jumapili kabla ya shule mzazi anashtuka. Saa mbili kamili taa inazimwa: "Lala, kesho shule!" Mtoto anageukia ukutani, anageukia mlangoni, anaomba maji, anaomba kwenda chooni, anauliza kama mwalimu wa mwaka jana bado yupo. Saa nne usiku macho ni makavu, na kofi la kwanza la mwaka wa masomo linatua hapo.

Jamani, usingizi hauji kwa amri. Unaletwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu, ambao hujikusanya kadiri mtu anavyokaa macho. Aliyeamka saa nne asubuhi, ikifika saa mbili usiku ana saa kumi tu za kuwa macho, deni la usingizi bado dogo. La pili ni saa ya mwili, ile iliyoko ndani ya ubongo, inayofuata mwanga na kuamua melatonini, homoni ya usingizi, ianze kutoka wakati gani. Kama mwezi mzima imezoeshwa kulala saa sita, saa mbili usiku kwake ni alasiri. Tena zile saa mbili tatu kabla ya muda aliozoea kulala ndizo mwili unapokuwa macho kabisa. Ndiyo maana usiku huo mtoto anarukaruka kitandani na kuchekacheka, wewe ukaita ukorofi.

Wazazi wenye maduka Kariakoo huwaelewesha kwa safari ya Guangzhou, China. Kule saa zao ziko tano mbele ya zetu. Asubuhi ya kwanza unaamshwa saa moja, mwili unasema ni saa nane usiku ya Dar. Unaingia sokoni na macho mekundu, hesabu ya katoni unakosea, chakula hakishuki. Hakuna anayekwambia ukapime taifodi. Sasa mtoto aliyekuwa anaamka saa nne, leo unamwamsha saa kumi na moja alfajiri, amesafirishwa saa tano zile zile, upande ule ule, na hata ndege hakuiona. Mwili hujisogeza kama saa moja kwa siku, na huko ni kama mambo yanakwenda vizuri. Kuwahi ni kugumu kuliko kuchelewa. Piga hesabu. Wiki nzima ya kwanza ya shule mtoto wako yupo darasani kwa jina tu.

Dawa yake inaanza asubuhi, na hapa wazazi wengi hunitazama kama niliyekosea. Achana na usiku kwanza. Siku kumi kabla ya shule, mwamshe nusu saa mapema kuliko jana. Kesho nusu saa tena. Kutoka saa nne utafika saa kumi na moja siku ya kumi, bila kofi. Akiamka mtoe nje. Jua la Dar mwezi huo huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, ni la bure. Mtume dukani akanunue chumvi, afagie uwanja, amwagilie michicha. Nusu saa ya mwanga wa nje inaifanyia saa ya mwili kazi ambayo taa ya chumbani haiwezi kuifanya. Zile siku chache za mwisho anapoamka kabla ya jua, mtoe nje mara tu kunapopambazuka.

Siku mbili za mwanzo atakuwa na kisirani. Mvumilie, na usimwachie alale mchana saa tatu mfululizo. Nusu saa inatosha. Jioni fanya kinyume cha asubuhi: televisheni izimwe saa moja kabla ya kulala, ile taa nyeupe kali ya chumbani ibadilishwe na mwanga wa korido. Joto nalo ni la kulishughulikia. Januari hapa Dar chumba cha bati hakipoi mpaka usiku wa manane, na mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo ulale. Mwogeshe maji ya uvuguvugu, fungua dirisha, chandarua kishuke, feni kama umeme upo. Usiku wenyewe utakuja bila kuitwa.

Umesoma haya shule zimeshafunguliwa? Njia ni hiyo hiyo, ila utaumia zaidi: saa ya kuamka isibadilike hata kidogo, na atalala mapema kwa kuchoka, siku ya tatu au ya nne. Maji ya baridi usoni hayasogezi saa ya mwili. Yanamfanya mtoto aichukie asubuhi.

Sasa hesabu ambayo siipendi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Kijana wa 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Baba mmoja aliniambia basi la shule linampitia binti yake wa darasa la kwanza saa kumi na moja kasorobo, kwa hiyo wanamwamsha saa kumi na nusu. Nikaandika nyuma ya karatasi ya vipimo: saa tisa, za chini kabisa, maana yake awe amelala saa moja na nusu jioni. Baba akaitazama ile karatasi, akasema, "Dokta, saa moja na nusu mimi niko Ubungo kwenye foleni. Huyu mtoto nitamwona lini?"

Sikuwa na jibu zuri, na sijalipata hadi leo. Ninachojua ni kwamba mtoto wa miaka sita anayezungushwa mjini gizani ili afike shule yenye jina, analipa ada ambayo haimo kwenye fomu. Nasema hivi kila mwaka na kila mwaka kuna mzazi ananuna: kama kuna shule ya wastani unayoweza kumpeleka kwa miguu, ipe uzito. Kama haiwezekani, kaa na wazazi wenzako mwombe shule ibadilishe mzunguko wa basi, wanaochukuliwa mwanzo muhula huu wawe wa mwisho muhula ujao. Na mtoto huyo, kwake ruhusa: alale dakika arobaini akirudi, kabla ya saa kumi na moja jioni. Homuweki itamkuta.

"Atafidia Jumamosi"

Aongezewe saa moja, isizidi mbili. Ukimwacha mpaka saa nne, Jumapili usiku mmerudi Guangzhou.

"Hana damu, hana vitamini, hana hamu ya kula"

Mtoto anayeamshwa alfajiri hana hamu ya kula kwa sababu tumbo lake bado limelala. Mfungashie uji kwenye chupa na kiazi au yai, atakula mapumziko. Chai ya rangi usimpe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Huko ndiko unakompunguzia damu kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini kinachonipandisha presha ni ile chupa ya "dawa ya hamu". Nyingi zina siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio, ndugu yake piritoni. Hamu ya kula inaongeza, ni kweli. Usingizi nao inaleta, ni kweli pia. Nilikuwa na mama aliyempa mwanawe kijiko kimoja kila alfajiri akisubiri honi ya basi, halafu akaja kwangu na barua ya mwalimu kwamba mtoto anasinzia hadi mate yanamwagika kwenye daftari. Tuliisoma lebo pamoja. Alikaa kimya kidogo, akafunga kifuniko, akaniachia ile chupa mezani.

Wapo pia wanaompa piritoni usiku ili alale mapema. Usifanye hivyo. Huo uzito wa asubuhi unaokuja nao ndio ule ule uliokuleta kliniki.

"Basi nipimie taifodi tu, roho yangu itulie"

Roho yako haitatulia. Kile kipimo cha Widal kinaweza kusoma chanya kwa mtoto ambaye haumwi kabisa, na ukishakiona chanya utadai dawa za kuua bakteria ambazo hazihitaji. Asiye na homa simpimi. Mwenye homa ni habari nyingine: malaria napima siku hiyo hiyo, hasa kama likizo alikuwa Kigoma, Mtwara au sehemu nyingine ambako malaria ni nyingi kuliko hapa mjini. Januari wa namna hiyo nawapata, kwa hiyo sema mtoto alikuwa wapi kabla sijauliza.

"Anasingizia tumbo"

Tumbo linamuuma kweli. Wasiwasi huuma tumboni, kwa mtoto na kwa mtu mzima, muulize yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani. Likiuma alfajiri ya Jumatatu, likapoa saa nne, na Jumamosi halipo, usimwite mwongo na usimbakize nyumbani. Muulize taratibu, si mbele ya wadogo zake: nani anamsumbua kwenye basi? Choo cha shule kikoje? Watoto wengi hubana choo kutwa nzima kwa sababu mlango haufungi. Linalomwamsha usiku, au linaloambatana na kutapika, damu chooni au kupungua uzito, hilo lilete haraka.

"Mtoroke akiwa anacheza, hatalia"

Wa chekechea hawa. Atalia akigundua, na kesho atakushikilia sketi mara mbili ya leo, maana amejifunza kwamba mama hupotea bila taarifa. Muage, mwambie utakuja baada ya kula, ondoka. Usirudi kuchungulia dirishani, wanawaona.

"Huyu wa kidato cha pili ni mvivu tu"

Balehe ikianza, saa ya mwili huchelewa yenyewe, kwa wengine hadi saa mbili nzima. Akikwambia saa tatu usiku hana usingizi, anasema kweli. Simu yake hata hivyo ilale sebuleni kwenye chaji, na ya kwako pia, kwa sababu hoja ya kwanza atakayokupa ni hiyo.

"Analala fofofo, anakoroma kama babu yake"

Wazazi huniambia hili wakicheka, nami ndilo pekee humu linalonifanya niache kalamu. Mtoto kukoroma akiwa na mafua si kitu. Mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, jasho kichwani, anakata pumzi kidogo kisha anashtuka, halali vizuri hata akipewa saa kumi na mbili. Mara nyingi ni vinyama vya nyuma ya pua au mafindofindo makubwa. Huyu utamwamsha kwa mpango wote niliouandika hapo juu na bado atasinzia darasani, na anahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Usije kunieleza kwa mdomo. Mrekodi kwa simu dakika mbili akiwa amelala, sauti na kifua kionekane, uje nayo. Kwa shughuli hiyo moja nimekuruhusu uwashe simu chumbani kwake.