Kupoza aliyeungua maana yake nini hasa

Kupoza ni kuondoa joto. Mtu akimwagikiwa chai, kupoza mahali palipoungua ni kulitoa joto lililokwisha kuingia kwenye ngozi, na nyumbani kinacholitoa ni maji yanayopita juu ya jeraha kwa dakika 20. Maana imeishia hapo. Lakini hapa Goma, kuanzia Birere mpaka Ndosho, neno hili limebandikwa kwenye vitu visivyolihusu: "nimemupoza na dawa ya meno", "mupake mawese yamupoze", "yai linapoza". Hakuna hata kimoja kinachopoza.

Neno lenyewe linajieleza. Mzizi ni poa, na ile -z- ni ya kusababisha, kama potea inavyozaa poteza na legea ikazaa legeza. Kupoza basi ni kukifanya kitu kipoe. Kama hakikupoa, hakikupozwa, hata kipakwe nini. Huku kwetu bado utasikia kupola, na ile l si kosa la matamshi. Ni ya zamani. Pwani wameidondosha kwenye poa, lakini hata wao wamebaki nayo ndani ya pole, polepole na mpole. Kilichopola kimepungua ukali, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu tunasema pia maumivu yamepoa, homa imepoa, ugomvi umepoa. Aliyeungua akisikia nafuu, walio karibu wanaona kazi imekwisha. Kumbe nafuu ya maumivu ni jambo moja, na joto kutoka ndani ya ngozi ni jambo lingine kabisa.

Dawa ya meno inadanganya hapo hapo. Ina mentoli, na mentoli huamsha mishipa ileile ya fahamu inayopeleka habari ya baridi. Ubongo unaambiwa baridi imefika, na ngozi iko na moto wake uleule. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso, kila mmoja kwa upande wake alitumia mentoli kukipata kipokezi hicho cha baridi. Sogeza kiganja karibu na mkono wa mtoto aliyetoka kupakwa: utando mweupe umeanza kukauka na kupasuka kingoni, mtoto amenyamaza, lakini mvuke wa joto unakupiga kiganjani. Baadaye muuguzi hawezi kujua jeraha limezama kiasi gani mpaka autoe ule utando, na kuutoa ni kusugua malengelenge.

Mawese, siagi na vaselini havitoi hata ule ubaridi wa uongo. Ni kifuniko juu ya sufuria ya moto. Barafu nayo inapoza kweli, ila inapitiliza: mishipa ya damu inabana, na ngozi iliyokwisha kuumia inakosa damu.

Kwa nini dakika 20 zote? Epua sufuria ya uji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, uitazame: makala yako kando, uji bado unatokota. Ngozi hufanya vivyo hivyo. Mkono umetoka kwenye moto, joto linaendelea kushuka chini. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini hiyo si nafuu yoyote: maji ya nyuzi 60 yanatosha kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5, na ya mtoto ni nyembamba zaidi. Uji na mafuta ni vibaya kuliko maji kwa sababu vinanata pale pale.

Bomba likiwa halitoi, bido (dumu) moja la lita 20 linatosha. Chota kikombe cha lita moja, kimimine taratibu kwa dakika moja, kisha kingine. Bido na dakika vitakwisha pamoja. Maji safi ya kawaida yaliyokaa kivulini yanafaa. Mkono au mguu unaweza kuuzamisha kwenye beseni, ukibadilisha maji kila yakipata uvuguvugu. Vua pete na bangili mapema, kabla ya kuvimba. Nguo iliyonata usiivute. Kata pembeni yake. Mtoto mchanga funika sehemu nyingine zote kwa kitenge kizito, maana unapoza jeraha, humpozi mtoto, na watoto hushikwa na baridi haraka.

Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi (pamba hapana, inanasa), malengelenge yaache, na parasetamoli itatuliza maumivu. Jeraha linalozidi kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake, au lililo usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, au la umeme, au la mtoto mchanga, linakwenda kituo cha afya baada ya kupozwa. Vilevile ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi na isiyouma: haiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua.

Kuzuia kuna mengi, ila mawili ndiyo yanayosahaulika: mbabula ikae pembeni, mbali na njia ya watoto, na kwenye beseni la kuogea maji baridi yatangulie, ya moto yafuate.

Na jirani akikuambia amekwisha kumpoza mwanawe kwa dawa ya meno, usimgombeze. Alitaka kumsaidia mtoto wake. Mwambie tu, "Mama, umemupaka, bado hatujamupoza," na ulete bido. Maji hayohayo yatauondoa utando bila kusugua, na hata kama yamepita masaa mawili, kupoza bado kunafaa. Mpaka wake ni kama masaa matatu tangu kuungua.